Shajara ya mradi: kipindi cha redio kuhusu mifongo, kutoka kinasa sauti hadi kwa msikilizaji

Februari, wiki ya mwisho

Kituo kimoja cha FM cha mjini Moshi kimekubali kutupa robo saa kila wiki kwa ajili ya kipindi cha mfululizo kuhusu mifongo, ile mifereji ya asili inayochepusha maji ya mito ya Mlima Kilimanjaro na kuyapitisha kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Masharti yao ni mepesi: kila kipindi kifike kituoni kikiwa kimekamilika siku mbili kabla ya kurushwa, kiwe kwa Kiswahili, na kisizidi dakika 14 na nusu, kwa kuwa nusu dakika inayobaki ni ya matangazo ya biashara. Kwa upande wetu tuna kinasa sauti kimoja, maiki mbili, kompyuta yenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na chumba kilichozibwa madirisha kwa magodoro, ambacho kwa heshima tunakiita studio.

Vijana wenzetu wametuuliza kwa nini tusitengeneze video fupi za kusambaza kwenye simu. Mtu anayezibua mfongo ana jembe mkononi na macho yake yako kwenye tope, hivyo kilichobaki huru ni masikio yake. Sababu nyingine, ambayo kwangu ina uzito zaidi, ni kwamba wakazi wa juu, upande wa Kibosho na Uru, na wakulima wa tambarare, upande wa Mabogini na Kahe, wote wanategemea maji ya mlima mmoja na wanalaumiana kila kiangazi, lakini ni nadra sana kukaa kikao kimoja, ilhali kila mmoja akiwa nyumbani kwake anaweza kusikiliza kituo kile kile kwa saa ile ile.

Machi, wiki ya kwanza: umbo la kipindi

Kabla ya kuandika mswada wowote tulirudi nyuma kuangalia redio ya nchi yetu ilifanya nini ilipotaka kuzungumza na wakulima. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ndiyo iliyotufundisha zaidi. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza, kila kikundi kikiwa na kiongozi, vitabu na redio. Walisikiliza kipindi pamoja, wakakijadili, kisha wakakubaliana kazi ya kufanya kijijini kwao, kama vile kuchimba vyoo au kuondoa mazalia ya mbu. Ukiutazama mpango ule vizuri utaona kwamba kilichorushwa hewani kilikuwa sehemu ndogo ya mkutano, na kazi kubwa ilifanyika baada ya redio kuzimwa.

Miaka 20 baadaye, Julai 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Wenye mradi ule walifanya jambo la busara: mtambo wa Dodoma haukurusha mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti waweze kulinganisha waliousikia na wasiousikia. Sisi hatuna uwezo wa kufanya utafiti wa kiasi hicho, lakini tumechukua fikra yake, kwamba usiishie kumuuliza msikilizaji kama amependa kipindi; nenda pia kwa yule asiyekisikia, umuulize kilichomzuia.

Kikao kilijadili kwa muda mrefu kama tutumie mchezo au mazungumzo. Mimi nilitetea mazungumzo. Mchezo mzuri unahitaji waigizaji waliozoea maiki na mwandishi anayeweza kuwafanya wahusika waishi wiki baada ya wiki, na mchezo mbaya ni mzigo kwa sikio kuliko hotuba mbaya. Zaidi ya hapo, wenye mifongo wana namna yao ya kueleza mambo ambayo hakuna mswada wetu utakaoifikia. Tukakubaliana kwamba kila kipindi kitabeba jambo moja tu na sauti tatu ukiacha ya mtangazaji, na kitamalizika kwa swali linaloweza kujibiwa na kikundi kabla ya wiki inayofuata. Vikundi vyenyewe havihitaji kuundwa upya, kwa sababu kila mfongo una watu wake, kamati yake na siku zake za kukutana kusafisha.

Machi, wiki ya pili na ya tatu: kurekodi

Mvua za masika zilianza tukiwa bado hatujamaliza orodha ya wahojiwa, na mvua ya mlimani ikipiga bati hakuna maiki inayofua dafu. Tulilazimika kurekodi nje, asubuhi, kabla mawingu hayajashuka. Kihamba kimegeuka kuwa studio bora kuliko chumba chetu cha magodoro: chini ya migomba hakuna kuta za kurudisha mwangwi, na udongo mwororo unameza vishindo. Adui ni upepo, kwa kuwa majani makavu ya mgomba yakitikiswa hutoa mchakacho unaofunika herufi zote za mwisho wa maneno, na sifongo ya kufunika maiki inazuia upepo unaopiga maiki lakini haizuii sauti ya majani.

Maiki tunaishika umbali wa shubiri moja kutoka kinywani na kuielekeza pembeni kidogo, ili pumzi ya herufi kama p na b isipige moja kwa moja. Anayerekodi huvaa visikilizio muda wote, kwani sikio la kawaida huzoea trekta la mbali au mlio wa jenereta na kuacha kulisikia, wakati maiki haizoei chochote. Kila mahali tunaporekodi tunaomba watu wote wanyamaze kwa muda wa dakika moja na kunasa ukimya wa mahali hapo, ambao kwa kweli si ukimya; ni sauti ya chini ya ndege, maji na majani. Dakika hiyo hutumika wakati wa kuhariri kuziba pengo pale tunapokata sentensi. Wenyeji wanaona jambo hilo ni la kuchekesha, na vicheko vyao vimetuharibia dakika nyingi za ukimya.

Mahojiano na mwenyekiti wa mfongo mmoja wa Uru yalianza kwa shida. Tulimwamkia, tukaketi kwenye benchi, tukawasha kinasa sauti, na papo hapo mzee akabadilika akaanza kutoa risala: “Ndugu wageni waalikwa.” Mtayarishaji mwenzangu alimwambia, “Baba, tuonyeshe basi pale maji yanapogawanywa.” Tukainuka na kufuata mfongo kwa miguu, maiki ikiwa kando yake, na tangu hapo aliongea kama mtu aliye kazini. Alieleza jinsi zamu zinavyopangwa kwa saa, nani anaruhusiwa kufungua kizuizi cha mawe na matawi, na faini inayomsubiri mtu asiyekuja kwenye usafishaji. Katikati ya maelezo aliona maji yanavuja mahali, akampigia kelele kijana mmoja kwa Kichaga aende kuziba. Sekunde hizo tumeziacha kama zilivyo. Kipindi kitakuwa cha Kiswahili kama kituo kinavyotaka, lakini hakuna msikilizaji atakayehitaji kutafsiriwa kelele ya namna ile.

Sauti iliyonigusa zaidi ni ya mama mmoja mwenye zamu ya alfajiri, ambaye alituambia kwamba akichelewa kidogo jirani wa juu huwa ameshayafunga maji, na kwamba hawezi kumshtaki kwa kuwa ni shemeji yake. Tulimuuliza mara mbili kama yuko radhi jambo hilo lirushwe. Alisema tubakize habari ya maji na tuondoe habari ya ushemeji, nasi tumefanya hivyo, ingawa simulizi imepoa kidogo. Anayeishi na shemeji huyo kijijini ni yeye, sisi tunapita tu.

Machi, siku za mwisho: kuhariri

Kazi hii haina mengi ya kusimulia, isipokuwa kwamba inakula muda kuliko zote. Tunasikiliza rekodi yote tangu mwanzo, tunaandika dakika na sekunde za maneno yanayofaa, kisha mswada wa mtangazaji unaandikwa kuzunguka sauti hizo. Sentensi za mtangazaji tunazifanya fupi, na kila jambo muhimu linasemwa mara mbili kwa maneno tofauti, kwa sababu msikilizaji hawezi kurudisha ukurasa nyuma, na huenda wakati linatajwa mara ya kwanza alikuwa akimkemea mbuzi.

Tumeamua kutengeneza vipindi vyote kwa mono, yaani mkondo mmoja wa sauti. Wapo waliodhani tunajinyima, lakini sababu ni za kitaalamu. Matangazo ya FM ya stereo yanahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi ili yasikike bila mvumo, na mahali ambapo mawimbi ni dhaifu mono husikika safi kuliko stereo. Tena redio ndogo na simu za kitochi zina spika moja tu. Faida nyingine ni ya ukubwa wa faili. Rekodi ya WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, ya mono katika kiwango cha kawaida cha CD inachukua takriban megabaiti 5 kwa dakika, nusu ya ile ya stereo. Kituo hakitaki MP3, ambayo ni faili la sauti iliyobanwa, na kina haki, kwa kuwa sauti iliyobanwa mara moja ikibanwa tena inachakaa. Kwa bei ya vifurushi vya intaneti, fleshi iliyopelekwa kwa bodaboda ndiyo njia yetu ya kutuma kipindi kituoni.

Aprili, wiki ya kwanza na ya pili: kusikiliza kwa majaribio

Rasimu ya kipindi cha kwanza ilianza kwa maji. Sekunde 12 za mfongo unaotiririka, kisha hatua za miguu, kisha sauti ya mzee. Kwenye visikilizio vya studio ulikuwa ufunguzi wa kupendeza. Tulipeleka rasimu hiyo kwa vikundi viwili, kimoja Uru na kingine Mabogini, tukaicheza kwa kitochi na kwa redio ndogo ya betri, na katika vikundi vyote viwili kuna mtu aliyenyoosha mkono kurekebisha masafa. Walidhani kituo kimepotea.

Jambo hilo limetufungua macho. Maji yanayotiririka kwa kasi hutoa sauti iliyotawanyika katika masafa mengi kwa wakati mmoja, na mvumo unaosikika redio inapokosa kituo ni wa jamii hiyo hiyo. Msikilizaji aliye studioni hutofautisha hizo mbili kwa kutumia sauti nzito za chini, zile za maji yanayogonga mawe na kuzunguka kwenye shimo, lakini spika ndogo ya kitochi haiwezi kabisa kutoa sauti nzito. Kinachobaki ni chiii. Ndiyo kusema tulikuwa tunafungua kipindi cha maji kwa sauti inayomwambia msikilizaji aondoke.

Fundi mitambo wa kituo alituongezea jambo la pili ambalo hatukulifikiria. Kabla sauti haijafika kwenye mtambo wa kurushia hupitia kifaa kinachobana tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo, ili msikilizaji aliye kwenye daladala asipoteze maneno yanayosemwa kwa sauti ndogo. Kifaa hicho hupunguza kilicho juu na kupandisha kilicho chini. Kwa hiyo maji tuliyoyaweka kwa mbali, nyuma ya sauti ya mzee, yakifika hewani yanapandishwa kila mzee anapovuta pumzi, na mazungumzo yanasikika kama yanafanyika kando ya maporomoko.

Tumerudi Uru kurekodi maji upya, safari hii kwa kutafuta milio yenye umbo: maji yanayoanguka kwenye ndoo tupu na kupanda mlio kadiri inavyojaa, jembe likigonga jiwe, kizuizi kikiondolewa na maji kutoka kwa kishindo, kisha kutulia. Mtangazaji sasa hutaja kitu kabla hakijasikika. “Hapa ndipo wanapofungua,” anasema, na ndipo ndoo inapoanza kuimba. Sauti ya nyuma tumeishusha hadi mahali ambapo studioni karibu haisikiki, tukijua kwamba mtambo utaipandisha wenyewe. Rasimu ya pili ilipochezwa kwa vikundi vile vile, hakuna aliyegusa redio.

Watu wa Mabogini walitoa hoja nyingine, ya maudhui. Walisema sauti zote tatu ni za watu wa juu. Tulikuwa na mpango wa kuwaleta watu wa tambarare katika kipindi cha tatu, lakini walieleza, na sioni jibu la kuwapa, kwamba asiyejisikia katika kipindi cha kwanza hatafungua redio kusubiri cha tatu. Sauti moja imebadilishwa.

Aprili, wiki ya mwisho: mlima na mawimbi

Tulizunguka na redio ndogo ili kujua kipindi kitafika wapi. Mawimbi ya FM, ambayo yako kati ya megahezi 87.5 na 108, yana urefu wa takriban mita 3 na husafiri kwa kunyooka kama mwanga, hivyo kilicho nyuma ya kilima kinabaki kivulini. Miteremko ya Kilimanjaro imechongwa na mito kuwa migongo na mabonde marefu yanayoshuka kutoka mlimani. Ukisimama mgongoni unapata kituo bila taabu; ukishuka bondeni mita chache unapata mvumo au kituo kingine kabisa; ukipanda mgongo unaofuata kituo kinarudi. Kwa bahati mbaya mito imo mabondeni, na vyanzo vya mifongo vimo mitoni, kwa hiyo mahali ambapo mtu anafungua maji alfajiri ndipo mahali ambapo hatusikiki. Tambarare, kinyume chake, ina mawimbi mazuri hadi mbali.

Mzee mmoja wa Old Moshi, alipoona tunahangaika na antena, alituambia kwamba zamani walikuwa wanapata Addis Ababa hapo hapo bondeni. Hakuwa anatania. Kuanzia mwaka 1963 Radio Sauti ya Injili ilikuwa ikirusha matangazo kutoka Addis Ababa kwa masafa mafupi, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitayarishwa katika studio iliyokuwa hapa hapa Moshi. Kituo hicho kilitaifishwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Mawimbi ya masafa mafupi hupaa hadi tabaka la juu la angahewa na kurudishwa ardhini mbali sana, yakishuka kutoka juu, na kwa hiyo bonde halikuwa kikwazo. Kwa maneno mengine, kipindi kilichotengenezwa Moshi kilizunguka Ethiopia kikarudi kusikika katika bonde ambalo leo mnara ulio karibu unashindwa kulifikia. Mawimbi ya kati, yaliyotumiwa na Radio Tanzania kwa miaka mingi, nayo hutambaa na ardhi na kuvuka vilima kwa urahisi kuliko FM. Sidai kwamba turudi huko. Sauti ya FM ni safi, mitambo yake ni nafuu, na ni kwa sababu hiyo mji kama huu unaweza kuwa na vituo vyake. Lakini ramani ya wasikilizaji haifanani na duara ambalo vituo huchora kwa wafanyabiashara wanaotafuta matangazo.

Kwa mabonde hayo tumepanga njia nyingine. Vijana wengi wa huko husikiliza nyimbo kutoka kwenye memori kadi zilizochomekwa katika kitochi au spika ndogo, na kuna mafundi sokoni Kiboriloni ambao kazi yao ni kuwajazia watu nyimbo. Tumeomba wawili wao waweke kipindi chetu pamoja na nyimbo, bila malipo. Kwa njia hii MP3 inatosha, kwani dakika moja inachukua takriban megabaiti moja.

Mei, wiki ya kwanza: saa ya kurusha

Kituo kilitupangia Jumamosi saa tatu usiku. Tuliomba saa kumi na mbili na nusu jioni siku ya Alhamisi. Saa mbili usiku wengi huhamia taarifa ya habari, na baada ya hapo mwenye televisheni harudi redioni, naye mwenye zamu ya alfajiri huwa amelala. Jioni ile, jiko limewashwa na redio iko karibu, na wanaume walioketi kwenye pombe ya mbege huwa bado wanaelewana. Meneja wa vipindi alisita kwa sababu muda huo una matangazo mengi ya biashara, lakini alikubali tulipomwachia dakika moja zaidi. Kipindi sasa ni dakika 13 na nusu, na ninadhani kimenufaika kwa kukatwa. Marudio ni Jumapili alasiri, baada ya watu kutoka ibadani.

Mei, wiki ya tatu: baada ya vipindi viwili vya kwanza

Ujumbe mfupi ulikuja kwa wingi kuliko tulivyotarajia, ijapokuwa sehemu kubwa ulikuwa salamu kwa shangazi wa Himo na marafiki wa Boma Ng'ombe. Wengine walibipu wakitumaini kupigiwa. Tumekubaliana na kituo kwamba atakayebipu ndani ya nusu saa baada ya kipindi atapigiwa, na maneno yake yatanaswa, kwa idhini yake, kwa ajili ya wiki inayofuata. Kwa njia hiyo swali la kipindi cha kwanza, ni nani aamue zamu wakati wa ukame, lilipata majibu kutoka juu na kutoka chini, na majibu mawili yaliyopingana tuliyaweka moja baada ya jingine bila mtangazaji kuingilia. Baada ya hapo kamati ya mfongo wa Uru iliomba nakala ya kipindi ili ichezwe siku ya usafishaji. Kikundi cha Mabogini bado hakijaomba.

Tulipowatembelea wasiosikia, wengi hawakuwa na kikwazo cha mawimbi. Betri zilikuwa zimeisha, au redio iko kwa kijana wa nyumba ambaye jioni hayupo. Hilo limebadilisha mpango wa vikundi: badala ya kutegemea redio ya mwanakikundi, kila kamati itapewa redio moja ya sola itakayokaa kwa katibu.

Kipindi cha tano, kuhusu faini na namna zinavyokusanywa, bado hakijarekodiwa. Mwenyekiti ametaka mahojiano yafanyike kwenye ofisi ya kijiji, ambayo imeezekwa kwa bati na haina dari, kwa hiyo tumemwomba tusubiri mvua zipungue mwezi Juni. Wiki hiyo tutajaza nafasi kwa marudio ya kipindi cha pili, kikiwa kimeongezewa majibu ya wasikilizaji.